Demani ya Kushoto

Kamba ilikuwa imelowa chepechepe, na sitaha ilikuwa kavu kama biskuti.

"Baba Watoto, umeimwagia maji hii?"

"Mimi? Leo hata chai sijamwaga."

Mume alijifunzia ubaharia kwenye kochi, akitazama video; mkewe, mkunga mzoefu, akambatiza Nahodha wa Sebuleni. Boti lao la matanga waliuziwa na mzee mjane aliyewasisitizia jambo moja: demani ya kushoto, kamba ya kuvutia tanga la mbele, ipite kwenye kapi la mbele, kigurudumu cha kuongozea kamba, kisha iende kwenye winchi ya kuikazia. Kapi la nyuma, lililozibwa kwa kitambaa, lisiguswe.

Asubuhi hiyo Nahodha alikichomoa kitambaa, akaipitisha kamba humo. "Huku inavutika vizuri zaidi. Yule mzee alizoea vibaya tu." Tusimcheke. Wangapi wetu husoma maelekezo kabla kitu hakijaungua?

Sasa kamba ilinuka. Mkunga aliijua harufu ile, ya damu na maji ya uzazi, akajifuta viganja kwenye kanga yake.

Mwamba ukatokea mbele, mchana kweupe, mawimbi yakiupiga.

"Tunageuza! Legeza kushoto, vuta kulia!"

Mkunga akaifungua demani kwenye winchi. Ikajizungusha tena. Krr, krr, krr, winchi ikageuka bila mkono wa mtu. Tanga likanasa upande usiofaa, boti likasimama, kisha likaanza kusukumwa kiubavu kuelekea mwambani. Nahodha akarukia kamba. Ikamviringa kiganja, ikakibana kwenye winchi.

"Mama wee! Vidole vyangu!"

"Usivute."

"Sivuti! Navutwa!"

Mkunga akaishika kamba ili aichomoe, na hapo nywele zikamsimama, kwa sababu kamba ilikuwa na joto, na ndani yake kitu kilikuwa kikidunda, du, du, du, kama alivyozoea kukisikia vidoleni kila anapompokea mtoto, huku kapi la nyuma likihema, likinyamaza, likihema tena kwa nguvu zaidi, kama mwanamke anayesukuma peke yake tangu zamani bila mtu wa kumshika mkono.

"Dada," akanong'ona, "nipo hapa. Mwachie huyu, ni mjinga tu."

"Mwambie mjinga kabisa!" Nahodha akalia.

Kapi likaguna. Kamba haikulegea. Povu la mwamba likawarukia usoni.

Kitovu hungojwa kiache kudunda ndipo kikatwe. Mwamba haukungoja. Mkunga akachana ncha ya kanga yake, na kwa mazoea ya kazi akafunga kamba mahali pawili, akakata katikati kwa kisu cha botini. Maji ya moto yakamrukia kifuani, na kiganja cha Nahodha kikaachiwa. Kipande cha upande wa kapi kikachomoka kapini na tangani, kikazama baharini kwa mguno mrefu. Tanga likaruka kulia, akaivuta demani ya kulia kwa meno na magoti, na boti likapita ubavuni mwa mwamba likikwaruzwa rangi.

Walipotia nanga penye maji matulivu, Nahodha, mkono umevimba kama andazi, alijaribu kutabasamu.

"Ameondoka, siyo?"

"Mama ameondoka."

Mkunga hakumtazama. Alikuwa akitazama kipande kilichobaki kwenye winchi, kimefungwa kwa fundo lake mwenyewe, safi, la kitaalamu. Kilikuwa bado kinadunda.

Chini ya sitaha, kitandani kwao, kitu kikaanza kulia kwa njaa.