Prego ya Jumapili

"Simba Mbili, wacha hiyo lori ipite. Ova."

Chepkosgei aliitazama Motorola yake kama mtu aliyeona nzi kwenye maziwa.

"Rudia, afande. Ova."

"Amri imetoka juu. Achana nayo!"

Redio ikazimika.

Aliyeizima ni yeye.

Miezi mitatu, kwa kazi ya upelelezi, alikuwa amempikia Baldini huko Kericho, Mwitaliano aliyejiita muuzaji wa mashine za chai. Kiitaliano chote alichojifunza jikoni kilikuwa grazie, yaani asante, na neno moja la ajabu. Ukimwambia asante, anajibu prego. Ukibisha mlango, prego, ingia. Mkikutana mlangoni, prego, tangulia. Asipokusikia, prego? Neno moja, kazi zote, na halipewi hata siku ya ofu, kama yaya wa Nairobi.

Kisha akamsikia kwenye simu, kwa Kiingereza, akiuza Kalashnikov. Nusu kwa vijana wa Kipsigis, nusu kwa vijana wa Kisii, wamalizane mpakani Sotik. Mteja akashukuru.

"Prego," Baldini akasema, kana kwamba amempa kiberiti.

Pale mpakani ndipo alipoolewa Nelvine, dada yake Chepkosgei. Nyumba yao ilishachomwa mara moja. Sasa ndani kulikuwa na mtoto mchanga.

Wacha ipite? Thubutu!

Lori la Isuzu likaingia Kimulot likiwa limejaa majani mabichi ya chai, Baldini mbele na dereva wake. Chepkosgei akacheka peke yake. Huyu mtu alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa kalenda.

Ilikuwa Jumapili. Kimulot hakuna mkono unaochuma chai Jumapili.

Akapiga pikipiki yake ya Yamaha teke, akakata kona kwa kijia cha wachumaji, chai ikimchapa magoti. Akatokea kanisani, kando ya barabara, mbele ya lori.

"Samahani, mchungaji. Kuna lori linakuja, limejaa majani mabichi."

Mahubiri yakakatika.

"Leo?" akauliza Kogo Rodah, nyanya wa kiti cha mbele.

"Leo, kogo."

"Hao ni wezi!"

Kanisa likamwagika barabarani, wengine na viti vyao. Isuzu ikalia breki. Baldini akashuka, Ray-Ban usoni, tabasamu chini yake.

"Prego, mama. Prego, prego."

"Hiyo ndiyo jina yake?" Kogo akauliza.

"Hapana. Anaomba njia."

"Mwambie aombe Mungu. Ibada bado."

Kogo akapenyeza mkono kati ya mbao za lori, kama mkulima yeyote anayepima kama majani yameanza kushika joto. Akakunja uso.

"Haya yako baridi."

Akavuta. Mtutu ukachungulia.

"Na yana mdomo!"

Dereva akatimua mbio kuingia kwenye chai. Kwaya ikamfuata, ngoma na yote.

Baldini akachomoa Beretta. Hapo ndipo alipomtambua mpishi wake. Akamwelekezea kifua, kisha akaonyesha mlango wa lori kwa mdomo wa bastola.

"Prego."

Ingia.

"Siingii," Chepkosgei akasema. "Piga. Lakini kwanza hesabu risasi zako, halafu hesabu kanisa."

Baldini akageuza macho. Kosa. Wazee walikuwa wamemzunguka nyuma, kimya, koti kwa koti.

Teke la Chepkosgei likatua kwenye kifundo cha mkono wake. Beretta ikaruka, ikamwangukia Kogo miguuni. Kogo akaikalia. Pingu zikalia ka! ka!

Chepkosgei akawasha redio.

"Simba Mbili! Nani alikuruhusu?"

"Bunduki zimeonekana na kanisa zima, afande. Waambie hao wa juu wazifiche tena, kama wanaweza. Ova."

Akaizima tena.

Akamgeukia Mwitaliano. "Kwa miezi mitatu ya mshahara, Bwana Baldini, grazie."

"Prego," akajibu kwa mazoea, kisha akauma ulimi.

Kanisa likaangua kicheko. Chepkosgei akawaachia wazee mfungwa na lori, akapanda Yamaha, akashika njia ya Sotik. Alikuwa bado hajambeba mtoto wa Nelvine.