Karani Aliyeficha Mwisho wa Kitabu

Jamaa zangu wa Thika na Ruiru, nyinyi mnaosoma na nyinyi mnaosomewa, sogeeni karibu. Nataka kuwasimulia habari za nyumba moja iliyoshikwa na ugonjwa usiotibiwa hospitalini, nao ni uchoyo wa elimu. Msiwe na wasiwasi, hakuna atakayekufa katika kisa hiki. Lakini aibu itakuwepo, tena ya kutosha.

Ilikuwa Jumapili ya mwaka 1951, baada ya ibada. Wanaume watatu walikuwa wameketi kwenye baraza ya duka mjini Thika, mbele ya cherehani ya Bedan. Bedan alikuwa fundi wa nguo, mtu wa mzaha, shingoni kila mara futi ya kupimia. Kushoto kwake alikuwa Kaleli, Mkamba mpole aliyefanya kazi katika kiwanda cha kutia mananasi kwenye mikebe. Kulia alikuwa Nicanor Githinji, karani wa mizani katika shamba la kahawa huko Ruiru. Nicanor alivaa kalamu mbili mfukoni mwa shati. Moja haikuwa na wino, lakini ilipendeza.

Watatu hao walikuwa wakisoma kwa njia ya posta. Somo lao lilikuwa fasihi ya kale ya dunia, tangu tenzi ndefu zilizokaririwa mbele ya wafalme hadi michezo ya kuigiza. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba atakayeshinda wenzake katika mtihani wa Novemba atapelekwa chuo cha ualimu. Nafasi ilikuwa moja tu. Kitabu cha utenzi walichotakiwa kukisoma nacho kilikuwa kimoja tu, cha Kiingereza, walichoachiwa na mmisionari aliyerudi kwao.

"Watu watatu, kitabu kimoja," Bedan alisema. "Hata kitambaa kikiwa kidogo, fundi hukata."

Akachukua wembe wake, akakigawanya kile kitabu mapande matatu bila kujeruhi ukurasa hata mmoja. Kila pande akalishonea jalada la kitambaa. Mwanzo ulivishwa kijani, katikati nyekundu, mwisho buluu. Kisha wakapiga kura kwa vifungo kutoka mkebe wake. Bedan alipata mwanzo, Kaleli katikati, Nicanor mwisho. Walikubaliana kubadilishana baada ya majuma manne, wakala viazi vya kuchoma, wakaagana kwa vicheko. Kumbukeni vicheko hivyo, maana vilikuwa vya mwisho kwa muda mrefu.

Nicanor alirudi Ruiru kwa baiskeli, pande la buluu likiwa limefungwa nyuma. Siku ya tatu barua ikaja kutoka chuo cha posta. Ilisema kwamba maswali mengi ya mtihani yatatoka sehemu ya mwisho ya utenzi. Aliisoma mara mbili, akaikunja polepole, na papo hapo shetani akamkalia begani.

Huyu, jamaa zangu, alikuwa mtu wa mizani. Wachumaji walipoleta kahawa, yeye hakujali ilichumwa mti gani wala jasho la nani lilitoka. Aliangalia mshale uliposimama, akaandika. Kwa hiyo akajiambia kwamba hata kitabu ni pale kinaposimama. Mwenye mwisho ana kitabu. Habari za mwanzo na katikati zilifupishwa kwenye karatasi za chuo kwa mistari sita, na mistari sita ingemtosha.

Majuma manne yakapita, hakwenda Thika. La tano likapita. Bedan alipotuma salamu kuuliza, Nicanor alijibu kwamba mvua ilimnyeshea njiani siku ile ya kwanza, pande la buluu likalowa na kurasa zikashikamana zote. Alisikitika sana, alisema. Na wakati akisema hivyo, pande la buluu lilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, kavu kabisa, na ufunguo ukining'inia shingoni mwake.

Wenzake walibadilishana kijani na nyekundu, wakanyamaza.

Nyumbani kwake mambo yakaanza kuharibika kidogo kidogo. Mkewe, Wangeci, alikuwa mchambuaji wa buni kwenye meza za kuanikia, mwanamke mchangamfu aliyejua kucheka na kujua kunyamaza. Kila Jumamosi alikwenda soko la Thika, akakaa na Ndila, mke wa Kaleli. Walikuwa marafiki tangu binti wa Wangeci, Wamboi, alipozaliwa. Ubatizo wa mtoto ulikuwa Desemba. Bedan ndiye aliyepangwa kumsimamia, na ndiye aliyeahidi kumshonea gauni.

Jumamosi moja Wangeci alirudi mapema, kikapu kikiwa kitupu.

"Nyanya ziko wapi?" Nicanor aliuliza.

"Nimeziacha sokoni. Ndila ameniuliza kama ile kitabu imekauka."

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini, Baba Wamboi? Kusema uongo sitaki, na kukuaibisha sitaki. Nikabeba kikapu nikarudi." Akakiweka chini. "Jumamosi ijayo utaenda sokoni wewe."

Nicanor alikasirika, kwa sababu mtu mwenye makosa ndiye hukasirika kwanza. Alisema wanawake hawaelewi mambo ya mtihani. Wangeci akawasha moto. Alichemsha viazi bila nyanya, na vikaliwa hivyo hivyo juma zima.

Hata kazini hakupata raha. Kaleli alikuwa na tabia ya kumsomea mkewe jioni na kumfafanulia kwa Kikamba. Ndila alimsimulia Wangeci sokoni, na Wangeci akapeleka simulizi mezani kwenye buni. Hivyo wanawake wa shamba zima walijua utenzi ule wa jemedari na pete yake tangu mwanzo hadi katikati, wakakwama hapo. Walipojua kwamba karani ndiye aliyeangukiwa na mwisho, walimngojea kwenye mizani.

"Karani, jemedari alirudi?" aliuliza mmoja.

"Na ile pete, mama aliirudisha?" aliuliza wa pili.

"Weka debe," Nicanor alisema.

"Debe iko hapo. Pete je?"

Katika masomo yake alikuwa amejifunza kwamba michezo ya zamani ilikuwa na kundi la watu waliosimama kando, wakimwimbia mfalme makosa yake. Alipolisoma jambo hilo alidhani ni pambo tu. Sasa lilikuwa limesimama mbele yake na madebe. Na pete yenyewe aliijua, ilikuwa katika kurasa za mwisho, lakini hakujua ilifikaje mkononi mwa mama yule. Hakutaka kuwauliza. Karani angewezaje kuwauliza wachumaji?

Mwezi wa Oktoba chuo kilileta maswali ya majaribio. La kwanza lilikuwa rahisi machoni pake: "Jemedari, baada ya kushinda vita na kukalia kiti cha enzi, alishuka akaosha miguu ya mfinyanzi mzee. Eleza kwa nini." Nicanor alikuwa amesoma ukurasa huo mara kumi na mbili. Aliandika kurasa tatu, kwa mwandiko wa kupendeza, akieleza kwamba vita vilikuwa vimemvuruga jemedari akili, na kwamba mshairi alitaka kuonyesha hatari ya kupigwa kichwani.

Majibu yalirudi baada ya siku kumi na sita. Hapakuwa na alama yoyote. Chini yake, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika maneno machache: "Ni dhahiri mwanafunzi huyu hajakisoma kitabu."

Nicanor alikaa kwenye kiti akiwa na karatasi magotini. Yeye, aliyekificha kitabu, aliyelalia kitabu, ameambiwa hajakisoma. Moyo ulimuuma kwelikweli, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mwalimu hakukosea.

Wangeci alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. "Wamesema nini?"

Aliona hana pa kujificha, akamfasiria lile swali na jibu lake. Wangeci aliacha maharagwe, akacheka mpaka Wamboi akaamka.

"Kupigwa kichwani," alisema. "Huyo mama si ndiye alimficha kwa tanuri?"

"Tanuri gani?"

"Ya kuchoma vyungu. Jemedari alipokuwa anakimbia, hana askari, hana viatu, mama akamwingiza kwa tanuri, akaziba mlango na vyungu vyake. Wale adui wakafika, wakawasha moto mbele ya nyumba, wakamwambia asimame kwa makaa mpaka aseme." Akaokota harage lililoanguka. "Hakusema. Ndiyo jemedari akampa pete, akaapa atamrudia. Miguu ya mama haikupona."

Nicanor aliweka karatasi chini. Alikumbuka ule ukurasa, maji katika beseni ya fedha, watumishi wakishangaa, na mwanamke mzee asiyesema neno. Alikuwa amepima kitu bila kujua kilichomo.

"Endelea," alisema. "Nieleze yote. Ilikuwaje mpaka akakimbia?"

Wangeci alirudi kwenye maharagwe. "Nitakuambia yote. Lakini kwanza utapeleka hiyo kitabu Thika, wewe mwenyewe, na utawaambia haikunyeshewa."

"Nitaipeleka. Nitasema imekauka."

"Hapana, Baba Wamboi."

"Sasa niseme nimekuwa mwongo?"

"Wewe ndiye unajua Kizungu. Tafuta neno nzuri zaidi."

Alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Wangeci akaenda kulisha kuku.

Jumamosi asubuhi Nicanor alipanda baiskeli. Nataka mjue kwamba kutoka Ruiru hadi Thika kuna vilima vya kawaida, lakini siku hiyo kila kilima kilikuwa mlima. Alimkuta Bedan kwenye cherehani na Kaleli ameketi kando, pande jekundu magotini. Alilitoa pande la buluu, akaliweka juu ya meza ya kukatia.

Bedan alilichukua. Akalipapasa jalada, akafungua kurasa moja moja, akazinusa. "Nimeshona miaka kumi na minne," alisema. "Sijawahi kuona mvua isiyoacha doa."

"Haikunyeshewa," Nicanor alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Niliifungia kwa sanduku. Nilitaka niwashinde. Nimewadanganya nyinyi, nimemwaibisha mke wangu, na hata hiyo mtihani ya majaribio nimepata sufuri."

Bedan alikuwa na hasira, na ilionekana usoni. Kaleli ndiye aliyeanza.

"Umenitesa, Karani. Wewe hujui. Ndila alitaka mwisho kila siku, mwisho sina. Nikatunga yangu. Nikamwambia jemedari alisahau huyo mama, akaoa binti ya mfalme."

"Na yeye?"

"Alikataa kupika muthokoi siku nne. Alisema mwanamume anayesahau kama huyo, hata anayesimulia habari yake si mtu mzuri."

Bedan alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda, na kikishatoka hakirudi. Wakacheka wote watatu, Nicanor akifuta macho kwa mkono wa shati. Halafu Bedan akamwambia, bila mzaha sasa, kwamba amemsamehe lakini hatasahau upesi, na kwamba akitaka kumsaidia kusahau basi asome kwa sauti yeye akishona.

Wakasoma hapo barazani mchana kutwa. Walianza na kijani, wakaingia nyekundu. Ndila alikuja na Wangeci kutoka sokoni, wakaketi juu ya gunia la vitambaa. Nicanor alipofika kwenye pande la buluu, alifasiri sentensi moja moja, na safari hii kila neno lilikuwa na uzito wake. Maji yalipomiminwa juu ya miguu ya mfinyanzi, Ndila alifunika mdomo kwa kitambaa. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Leo nitapika," alisema mwishowe.

Kila Jumamosi hadi mtihani walikutana hapo. Matokeo yalipokuja, Kaleli ndiye aliyekuwa wa kwanza. Bedan na Nicanor walifaulu pia, lakini nafasi ilikuwa moja. Siwezi kuwadanganya, Nicanor aliumia. Alitembea peke yake kati ya mistari ya kahawa mpaka jioni. Lakini siku ya safari ni yeye aliyembebea Kaleli sanduku mpaka stesheni ya Thika, na ni yeye aliyepunga mkono mpaka treni ikapotea.

Wamboi alibatizwa Desemba, akiwa amevaa gauni jeupe lenye ukingo wa kijani, nyekundu na buluu. Na wiki ya Krismasi, kwenye meza za kuanikia buni, wanawake wa shamba walitaka kuuona mwisho kwa macho, si kusikia tu. Basi ukaigizwa. Bedan alikuwa adui, akaigiza kwa furaha kupita kiasi. Wachambuaji walisimama kando wakiimba makosa ya wakubwa, wala hakuna aliyehitaji kuwafundisha. Wangeci alikuwa mfinyanzi. Jemedari alikuwa karani wa mizani, amevaa gunia begani badala ya joho.

Alishuka kutoka kiti chake cha debe, akapiga magoti mbele ya watu wote, akachota maji. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuishika miguu ya mkewe, iliyopasuka kwa kusimama siku nyingi mezani kwenye buni. Maneno aliyokuwa ameyakariri yakampotea.

"Nisamehe, Mama Wamboi," alisema, na hilo halikuwa katika utenzi.

Wangeci alimtazama kwa muda. Kisha akasogeza mguu wa pili ndani ya beseni.

"Osha na huu," alisema. "Watu wanangoja."

FUNZO

Jamaa zangu, elimu si kama kahawa, kwamba ukimpa jirani debe moja lako linapungua. Aliyeifungia sandukuni hakuipata, na waliogawana vipande vya simulizi walikuwa na kitabu kuliko yeye. Ukijua jambo, isomee nyumba yako kwa sauti. Usimdharau mkeo wala mchumaji wa kahawa, kwa maana huenda yeye ndiye mwenye sehemu usiyokuwa nayo. Na ukiwa umemdanganya rafiki, panda baiskeli umwendee mapema, kabla vilima havijaongezeka.

Kitabu chenyewe Bedan alikishona tena kikawa kimoja. Kilikaa Ruiru, nyumbani kwa Wangeci, juu ya lile sanduku. Ufunguo ulipotea, na hakuna aliyeutafuta.