Kompyuta Iliyoibwa Bila Chaja Yake

Mwizi alikuwa ameacha nzuri akachukua mbaya. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Martha Chilumba tangu alipoingia kwenye studio ya video ya Gladness Mrope, chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Chikongola, mjini Mtwara.

Mezani ilibaki laptop mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha. Mwenzake, nyeusi, nene, iliyochubuka pembeni, ndiyo iliyoondoka. Chaja yake kubwa ilikuwa bado imechomekwa ukutani.

Inspekta aliitazama ile ya fedha kwa jicho la mnunuzi. Binti yake Faraja, anayesomea filamu chuoni, alikuwa amemganda amnunulie kompyuta, na mama mtu alishaichagua moja inayong'aa hivyo hivyo.

"Iliyoibwa ilikuwa na nini cha maana?" aliuliza.

"Ndiyo iliyokuwa inafanya kazi zote, afande. Hii nzuri ni ya kuonyesha wateja."

Gladness akianza kueleza mambo ya kompyuta hanyamazi. Ile nyeusi ilikuwa na prosesa ya nguvu, ram kubwa, kadi ya picha inayojitegemea, na kioo kisichodanganya rangi. Uiwekee harusi ya kamera tatu, haikwami; feni zake zinavuma tu na kazi inakwenda. Hii nyembamba uiwekee harusi hiyo hiyo, inapata moto, inaganda, unakwenda kunywa chai unarudi, bado. Kasoro za ile nyeusi zilikuwa mbili. Betri yake haimalizi hata saa moja. Na diski yake ni ndogo, kwa hiyo kazi ikishakabidhiwa inafutwa kupisha nyingine.

Kumbe binti yake nusura auziwe sura. Inspekta aliliweka hilo moyoni, akarudi kwenye kazi.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na harusi ya wikiendi iliyopita, haijakabidhiwa wala kunakiliwa popote. Maharusi hawawezi kuoana upya kwa ajili ya mpiga picha.

"Wakijua imepotea, mimi mjini hapa basi tena," Gladness alisema, akaanza kulia.

Konstebo alipaka unga wa alama za vidole akapata zile zile za wenyeji. Kufuli lilikuwa zima, dirisha lina nondo. Gladness alikuwa ameshuka dukani mara moja mchana huo wa Ijumaa, mlango ameurudishia tu, na Nassoro, mpiga kamera wake, alikuwa msikitini. Mwenye duka la chini aliapa kwamba hakuna mgeni aliyepanda ngazi.

Inspekta akamgeukia Nassoro.

"Mliwahi kugombana kuhusu hizi kompyuta?"

"Wakati wa kununua. Mimi nilitaka zote ziwe za kung'aa. Yeye akang'ang'ania lile tofali."

"Nani alikuwa sahihi?"

"Yeye," alisema kwa shida.

"Ungeiiba wewe, ungeacha chaja?"

"Chaja ya mashine ile Mtwara nzima huipati, afande. Bila chaja, ile ni sinia."

Basi hesabu ikawa rahisi. Mwizi wa kuuza angebeba inayong'aa. Mtu wa fani angebeba nyeusi na chaja yake. Huyu hakutaka kuiuza wala kuitumia. Alitaka kilichomo, na aliijua mashine kwa kuiona ikifanya kazi.

"Mlikula hapa mchana?"

"Wali na samaki," Gladness alijibu.

"Vyombo viko wapi?"

"Si Mama Athumani ameshavichukua."

"Ulipokuwa unashuka, vilikuwa mezani?"

Gladness akaitazama meza. Vilikuwa mezani. Aliporudi, havikuwepo. Mama lishe hupanda ngazi ile kila siku, na hakuna anayemwita mgeni.

Mwanaisha, ndilo jina lake Mama Athumani, hakukimbia wala hakubisha. Walimkuta nyumbani kwake nyuma ya soko. Aliitoa kompyuta chini ya kitanda, imefungwa kwenye kanga safi. Alikuwa ameipitisha mbele ya mwenye duka ndani ya beseni, sahani chafu juu yake.

Kituoni Inspekta alimwonya kama sheria inavyotaka, kisha akamuuliza kwa nini.

"Mtoto wangu yumo," alisema.

Idrisa, mumewe, alimpa talaka akamwoa Nuru. Mwanaisha mwenyewe alimruhusu Athumani, mwanawe wa pekee, aende harusini kwa baba yake. Hazikupita siku nyingi, bodaboda ya kijana ikagongana na lori kwenye barabara ya Kilambo. Simu yenye picha zake zote ikasagika pamoja naye. Kisha siku moja Mwanaisha anapeleka chakula studio, akasikia sauti ya mwanawe ikitoka kwenye ile mashine nyeusi. Amepewa kipaza sauti, anawachekesha wageni: mama hayupo, ila amenituma nile nishibe. Sahani zilimponyoka siku ile, na Gladness akadhani ni utelezi.

"Leo asubuhi nimewapelekea chai, namsikia Gladness anamwambia Nassoro harusi ya Idrisa itafutwa. Nikaona wanamzika mara ya pili."

"Si ungemwomba nakala?"

"Niombe harusi ya mume aliyeniacha? Mji ungesema Mwanaisha bado anamtaka."

Gladness alichomeka chaja. Feni zikavuma. Harusi ya wikiendi iliyopita ilikuwepo yote, akashusha pumzi. Kisha akatafuta ile nyingine, na mikono yake ikasimama.

"Mama, nilishaifuta leo hii hii asubuhi. Diski hizi za kasi, ukifuta hakirudi."

Mwanaisha aliweka kiganja juu ya mashine, akalia bila sauti. Konstebo alitoka nje.

"Nakala ipo moja tu," Gladness alisema taratibu. "Nilimkabidhi bibi harusi."

Inspekta hakubembeleza. Wizi ni wizi, alisema, na jalada litafika kwa wakubwa. Lakini dhamana ilikuwepo, na aliyejitokeza kumdhamini mtuhumiwa alikuwa mlalamikaji mwenyewe. Inspekta akasema atamtuma askari wa kike kwa Nuru akaichukue hiyo nakala.

"Hapana, afande," Mwanaisha alisema. "Polisi wakiichukua itakuwa kielelezo cha kesi. Nataka iwe ya kwangu."

Walimshusha Shangani, mbele ya nyumba ya Idrisa. Inspekta alibaki garini, dirisha wazi. Mwanaisha alisimama mlangoni akiiweka vizuri kanga ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

"Hodi," alisema.

Nuru alifungua. Walitazamana. Kisha akausukuma mlango ukafunguka wote.

"Karibu, Mama Athumani."