Brashi Kwenye Kichanja Kitupu

Brashi ya kwanza ilikauka ikinuka samaki. Othmar, fundi picha kutoka Maguu, kule milimani kwenye kahawa, hakushtuka. Huko ziwani kila kitu kinanuka samaki, hata mto wa kulalia.

Alikuwa ameshuka kuchora Mtakatifu Petro ukutani mwa kanisa la kigango, nje kidogo ya Mbamba Bay. Na kwa kutunza brashi, jamani tusidanganyane, kuanzia Litembo mpaka Kigonsera hakuna aliyemfikia. Rangi za akriliki hazina subira. Zikishakaukia kwenye nywele za brashi, hiyo kafagilie meko. Yeye alisuuza papo hapo, akasugua kwa sabuni ya mche kiganjani mpaka povu likawa jeupe, akachonga ncha kwa vidole, kisha akazilaza zikauke. Kuzisimamisha mbichi? Thubutu! Maji yateremke kwenye shingo ya bati yalegeze gundi?

Azilaze wapi sasa? Mtu wa kahawa akiona kichanja cha wavu, kama kile cha kuanikia buni, moyo unatulia. Kilikuwapo kimoja kitupu, kimejitenga na vichanja vya kuanikia usipa, vile visamaki vyao vidogo. Kwao Maguu kichanja kitupu unaanika tu, mwenyewe akija mtacheka. Hakuuliza mtu.

Alipoichukua ile brashi ya kwanza, kidole kidogo cha mkono wa kulia kikafa ganzi. Alikibana na mlango akajua kwa kuona damu. Kila brashi aliyoitoa pale ilikuwa safi kuliko alivyoiacha, imelowa upya na jua linachoma. Na kila aliyoitoa iliondoka na kidole, mpaka akabaki na dole gumba.

Mchana mmoja, watu wamejificha jua majumbani, akasikia kitu kinasugua, taratibu, na harufu ya matope ya kina kirefu ikamjaa puani, akatazama kwenye kichanja na hakukuwa na mtu, ila brashi zilikuwa zinageuka zenyewe, moja moja, kama mwanamke ageuzavyo usipa, na povu linadondoka mchangani, na juu ya povu zinajichapa alama za vidole vinne, na cha pembeni kina kovu la panga, kovu la Othmar mwenyewe. Hofu ilitakiwa ije. Haikuja.

Mama Rosina, mwenyeji wake, akamvuta shati.

"Fundi, umeanika wapi?" alinong'ona.

"Pale."

"Yesu na Maria! Pale ni kwa mwenyewe wa majini. Sisi hata kuku tunawafukuza."

"Kilikuwa kitupu."

"Kitupu kwa macho yako! Mlimani hamfundishwi kuuliza?"

Akamwita Bibi Margareta, mganga wa pale pale ufukweni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete mkono." Akaubinyabinya kama anachagua muhogo. "Jini hana vidole, mwanangu. Amevaa vyako, na amevipenda. Dawa ni avichoke. Vikianza kukuuma wewe, ujue amevivua."

"Petro wangu ukutani bado hana macho, bibi. Bila mkono huu mimi si fundi tena."

"Basi tuwashe moto."

Wakakichoma kichanja na brashi zake zote. Bibi akamshika kiwiko, akamwingizia vidole motoni.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

Malengelenge yakavimba. Othmar aliyatazama kama mtu anayetazama uji wa jirani ukichemka. Ndipo kutoka ziwani, mbali kuliko mitumbwi inakofika, ikaja sauti. Ilikuwa ya Othmar, na lafudhi yake ya Kimatengo.

"Mama yangu nakufa! Toa mkono! Toa!"

Rosina akafanya ishara ya msalaba. "Toa, fundi. Utabaki na kigutu."

"Vimeanza kuuma?" bibi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado," alisema Othmar. Na kwa mkono wa kushoto akasogeza kuni.