Mkufu Uliozibwa Mgongo

"Maji yamechemka."

Redio ilisema hivyo mara moja tu, ikanyamaza.

Nyigu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Pikipiki yake ya Honda ikanguruma, akaingia barabara ya njia moja kwa upande usio wake. Mbele, kama mita mia, pikapu nyeupe ilikuwa inakata kona kwa matairi mawili.

Wenzake wa idara ya upelelezi walimpa jina hilo kwa sababu akikuuma unakumbuka. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Goti la kushoto lilikuwa limechakaa, la kulia linaelekea huko huko. Ndani ya koti alibeba Beretta, mfukoni Nokia ya tochi, na sikioni redio ndogo kama punje ya mtama.

Lori la maji likachomoza kutoka uchochoroni, likaziba barabara nzima.

Pikapu ilikuwa imeshapita.

Kando ya njia mafundi ujenzi walikuwa wameegemeza ubao kwenye lundo la mchanga. Honda ikaupanda ubao, ikaruka, ikapita juu ya tangi. Dereva wa lori alikuwa ametoa kichwa dirishani kumtukana mtu mwingine kabisa. Tairi la nyuma likamvua kofia. Mpaka leo anasema ulikuwa upepo.

Pikapu ikaishia ukutani. Dereva wake aliposhuka, mdomo wa Beretta ulikuwa umeshafika unamsubiri.

"Toa."

"Nitoe nini, mama?"

"Mimi si mama yako. Ningekuwa mama yako ungekuwa na adabu. Toa."

Akatoa kasha la mahameli. Nyigu akalifungua kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na alama ya mkufu iliyojichora kwenye kitambaa. Mkufu wenyewe haukuwepo.

Dereva akacheka. "Umechelewa, bibi. Uko dukani tangu asubuhi. Mzee wenu hali chakula cha mchana leo."

Nyigu akamfunga pingu kwenye usukani, akatoa Nokia.

"Mkuu. Kasha tupu."

"Basi mkufu uko mbele ya bibi harusi," Mkuu wa idara akajibu. "Anachagua vito sasa hivi."

Nyigu akafumba macho. Bibi harusi huyo alikuwa binti wa Mzee Mkata Vito, na mzee huyo ndiye shahidi pekee aliyewaona wakubwa wa genge la magendo ya vito kwa macho yake. Saa nane mchana angesimama mahakamani. Alifichwa kwenye nyumba iliyojulikana na watu watano. Lakini alikuwa amegoma: bila kumwona bintiye kabla ya harusi, hafungui mdomo. Kwa hiyo saa sita binti angepelekwa kwake, na alikuwa ameapa kwamba baba atakuwa mtu wa kwanza kuuona mkufu wake mpya.

Genge likasikia. Katika mkufu mmoja wakaficha kifaa cha kutoa ishara. Binti angeuvaa shingoni na kuwaongoza wauaji mpaka mlangoni kwa baba yake.

"Zuia safari," Nyigu akasema.

"Nikizuia, mzee hasemi, na wakubwa wa genge wanatoka rumande jioni. Nataka mkufu na nataka huyo mtu wao anayeuuza. Na risasi isilie. Mtaa ule umejaa watu."

"Nina dakika ngapi?"

"Arobaini."

"Nyingi," Nyigu akasema. Goti halikukubaliana naye.

*

Duka la sonara lilikuwa dogo, lina kaunta ya kioo, meza ya kazi nyuma yake, na juu ya meza mashine ya mvuke ya kusafishia vito, inafuka taratibu. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamume mwenye tabasamu pana. Mbele yake, kwenye kiti, bibi harusi.

Bibi harusi akainua macho.

"Wewe tena," akasema.

Alikuwa na haki yake. Miaka miwili nyuma Nyigu alikaa miezi sita kwenye karakana ya baba yake akijifanya anajifunza kukata vito. Akala mezani kwao. Akamwita binti "mwanangu". Kisha siku moja akaja na magari matatu ya idara, akamchukua mzee kwa usalama wake, na tangu siku hiyo mzee hajalala kwake.

Tabasamu la muuzaji likapungua kidogo. Alikuwa amesikia.

"Mimi tena," Nyigu akasema, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Ukiolewa na mtoto wa kaka yangu utaniona mpaka unichoke." Akamgeukia muuzaji. "Mimi ni shangazi wa bwana harusi. Nimekuja kuona huyu atavaa nini, asije akatuaibisha."

Binti hakuwa mjinga. Alielewa. Akaona pia kwamba amepewa ruhusa ya kusema ya moyoni mbele za watu.

"Shangazi ana tabia ya kuingia nyumba za watu bila kualikwa," akamwambia muuzaji.

"Na wewe una tabia ya kununa. Sura hiyo utaipeleka hivyo hivyo kwenye picha?"

"Na akitoka, huondoka na kisicho chake."

Hilo Nyigu akaliacha lipite. Lilikuwa kweli.

Kwenye trei kulikuwa na mikufu mitatu ya buluu, yote ikiuzwa kama akwamarini, kito cha rangi ya maji ya bahari. Mmoja ulibeba kifo cha mzee. Nyigu akauinua wa kwanza, akaupimia kiganjani.

"Huu mzito mno. Akwamarini haina uzito hivi. Hii ni topazi."

"Mama anajua vito?" muuzaji akauliza.

"Najua kuvaa. Lete mwingine."

Wa pili ulikuwa umetulia kama maji. Kito cha katikati kilikuwa cha buluu laini, na vidogo vya pembeni vilififia kadiri vilivyopungua ukubwa, vya mwisho karibu havina rangi. Nyigu akaugeuza geuza dirishani. Upande mmoja buluu, akizungusha kidogo buluu inatoroka, kisha inarudi.

"Huo umepauka," muuzaji akasema. "Tunawapa watu wasio na macho. Wa maharusi ni huu hapa."

Akausogeza wa tatu. Binti akashusha pumzi. Kito cha katikati kilikuwa na ukubwa wa harage, buluu iliyoiva, na vidogo vyote, hata vile vya mwisho kama punje za mchele, viliiva vilevile.

"Rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho," muuzaji akasema. "Vito halisi. Weka lenzi, hutaona hata kiputo kimoja cha kioo."

"Nachukua huu," binti akasema. "Shangazi akiuchukia, nachukua miwili."

Nyigu akaweka lenzi. Muuzaji hakudanganya: akwamarini tupu, safi. Na hapo ndipo kitu kikamkwaruza kichwani, sauti ya mzee karakanani, ile sauti kali iliyomwita mvivu kila siku. *Akwamarini ni kama maji ya bwawa. Bwawani yana rangi, kwenye kiganja hayana. Kito kidogo lazima kipauke. Ukiona vidogo vimeiva kama mkubwa wao, kuna mtu kaziba au kapaka rangi nyuma. Geuza mkufu, mvivu wewe.*

Akaugeuza.

Kila kito kilikaa ndani ya kikombe cha fedha kilichozibwa kabisa nyuma. Sonara mwenye akwamarini nzuri huacha mgongo wazi ili mwanga upite. Hawa waliziba cha katikati ili kuficha kifaa, mwanga ukakosa njia, rangi ikaiva. Basi wakaviziba na vidogo vyote vifanane nacho. Kazi nadhifu sana, ya watu wanaoiba vito maisha yao yote bila kuwahi kuvitazama.

"Mbona mmeziba mgongo?"

"Mtindo mpya."

Nyigu akamtazama vidole. Kucha safi, za waridi. Sonara gani hana weusi wa kung'arishia kwenye kucha?

"Una vumbi," akasema. "Upige mvuke."

"Hauna vumbi."

"Namwozesha mtoto wa kaka yangu, simwozeshi mtoto wa kaka yako. Upige mvuke."

Muuzaji akaisogelea mashine. Akatafuta kitufe juu. Akatafuta ubavuni. Akakitafuta nyuma.

Kanyagio lilikuwa sakafuni, kando ya kiatu cha Nyigu.

"Kitufe kimeharibika," muuzaji akasema.

Kutoka chooni, mtu aliyefungwa mdomo akapiga mlango kwa kichwa. Mara mbili. Yule alikuwa sonara mwenyewe.

Kucha Safi akachomoa bastola yenye kizuia sauti.

Nyigu akalishika bomba la mvuke kwa mkono mmoja, akakanyaga.

Mvuke ukamkuta mkononi. Bastola ikaanguka bila kulia. Muuzaji akajitupa kuiokota, na trei ya chuma ikamshukia kisogoni, nayo ilishikwa na bibi harusi kwa mikono miwili.

"Hiyo ya baba," binti akasema. Kisha akamtazama Nyigu. "Na wewe usidhani tumepatana."

"Sijadhani. Mfungulie sonara chooni."

Kwa ncha ya kisu Nyigu akabandua kikombe cha katikati. Nyuma ya kito kulikuwa na kitu kama punje ya dengu, kinamwekamweka kijani. Kilikuwa kinasubiri kutembezwa.

Akauvaa mkufu.

"Unakwenda nao wapi?" binti akauliza.

"Kuwatembeza. Wewe vaa ule uliopauka. Dereva wa idara yuko nyuma."

Akapanda Honda. "Mkuu, maji yanapoa. Naomba geti la nyuma la kambi ya polisi wa kutuliza ghasia liachwe wazi."

"Saa hizi wako mezani."

"Vizuri. Waambie wakae na silaha mapajani."

Saa sita kasorobo gari jeusi likafuata ishara mpaka kwenye ukuta mrefu usio na kibao. Wanaume wanne wakashuka na bunduki, wakaingia geti la nyuma, wakapiga teke mlango wa kwanza waliouona.

"Tulia hapo hapo, mzee," wa mbele akasema.

Polisi mia mbili wakaacha kutafuna.

Inasemekana yule wa nyuma aliuliza kwa upole kama hapa ndipo kwa fundi cherehani.

*

Saa nane mzee alifungua mdomo. Hakuufunga mpaka saa kumi na moja, na wakubwa wote watatu wa genge wakarudishwa ndani bila kuangalia kamera.

Nyigu alisimama juu ya ngazi za mahakama, mbali na watu. Bibi harusi akatoka. Shingoni, akwamarini iliyopauka ilikuwa imeshika jua, buluu inakuja na kuondoka.

"Baba amekuona kupitia dirishani," akasema. "Amesema usimsogelee."

"Sawa."

"Kule mafichoni nilimwonyesha mkufu. Hakuutazama mbele. Aliugeuza kwanza, akatazama mgongo." Binti akaushika mkufu, kama mtu anayebeba ujumbe asioupenda. "Akauliza nani kachagua. Nikamwambia. Akasema, angalau yule nyoka alikuwa anasikiliza."

Nyigu akapapasa koti akitafuta miwani.

"Na harusini usije."

"Sikualikwa."

"Ndiyo maana nakwambia."

Redio ikakwaruza sikioni. Nyigu akaifinya, ikazima. Akavaa miwani yake ya jua, akashuka ngazi zote ishirini na mbili bila kushika ukingo. Goti lilimuuma kila ngazi.

Hakuonyesha hata kwenye moja.