Swali Miguuni pa Kitanda

Umeme ulikatika nikiwa kwenye geti la hospitali, nanunua mabuye, yaani betri, ya torche. Jua lilikuwa limeshazama upande wa Masisi. Mama muuzaji akayapapasa gizani, akanipa, akasema pole docta. Nikamjibu asante. Nilidhani pole ile ilikuwa ya umeme.

Mimi naitwa Apolline Umugwaneza, docta, mwaka wa kwanza wa kusomea upasuaji. Msinionee wivu. Assistant wa mwaka wa kwanza ndiye anayekimbia kutafuta damu, anayesukuma wagonjwa kupeleka bloc, chumba cha upasuaji, anayenunua mabuye ya torche. Wiki yetu haina siri. Jumatatu ripoti ya zamu ya garde, Jumanne bloc, Jumatano tour ya chef, mkuu wetu, kitanda kwa kitanda, Alhamisi bloc tena, Ijumaa kikao cha staff juu ya waliokufa, ambapo unasimama mbele ya wote na kuulizwa kwa nini wamekufa.

Katika tour unasimama miguuni pa kitanda, unamweleza mgonjwa, na mwisho chef anauliza neno moja.

"Pronostic?"

Yaani huyu atapona, au hapana. Tunajibu kwa Kifaransa, mgonjwa akiwa palepale anatutazama, ili asielewe. Jibu baya tunaliita "réservé". Bibi yangu kule Masisi angenichapa. Kwetu mtu aliyelala hasemewi kifo hata kwa utani, maana neno likishatoka linatafuta pa kukaa. Sisi wasomi tulidhani Kifaransa hakihesabiki.

Na tuna desturi nyingine, ambayo haikuandikwa popote. Wa mwaka wa kwanza akikwama, mkubwa wake anamwokoa. Mkubwa wangu alikuwa Rodrigue Niyibizi, mtu wa Rutshuru, mwaka wa tatu. Alisimama nyuma yangu kila Jumatano, akitafuna tangawizi mbichi ili asisinzie. Chef akinibana, jibu lilinijia taratibu nyuma ya sikio, pamoja na harufu ya tangawizi. Ndugu wa tumbo moja asingenifanyia zaidi.

Wiki hiyo Rodrigue hakuwa nyuma yangu. Alikuwa kitandani. Homa ilimshika, akajitibu malaria mwenyewe kama tunavyofanya madocta, sisi wapumbavu, akaendelea kusimama bloc mpaka utumbo ukatoboka. Ilikuwa typhoïde. Chef alimpasua, akamsafisha, akasema tungoje. Basi nilikuwa nangoja. Sikutaka kitu kingine duniani ila Rodrigue apone.

Nilirudi na mabuye yangu pavillon, wodi ya wanaume. Mlangoni nikasimama.

Harufu.

Ilikuwa chlore, dawa ya kuulia vijidudu. Si ile ya ndoo ya kila asubuhi. Hii ilichoma macho, ilishuka kooni, ikakaa hapo. Halafu nikasikia viatu. Viatu vilivyoloa, vinatembea polepole kwenye sakafu ya sima.

Chwa… chwa… vinasimama. Chwa… chwa…

Kati ya vitanda kulikuwa na muzee, blouse yake nyeupe ya kidocta imegeuka njano, anafanya tour peke yake. Tangu vita iingie mjini na uwanja wa ndege kufungwa, maprofesa hawaji tena. Tuliahidiwa mmoja atakayepitia Gisenyi. Nikasema moyoni, ndiye huyu. Nilifurahi sana. Mwenye njaa ya mwalimu haulizi mwalimu amefika na gari gani.

"Bonsoir, patron. Samahani, nilikuwa nje."

Hakunitazama. Alinyoosha kidole kwenye kitanda cha kwanza.

"Présentez."

Kitandani alikuwa Papa Cyprien wa Munigi, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, aliyevunjika paja akishuka na mzigo wa makaa. Nikamweleza vizuri. Muzee akasikiliza, kisha akaniambia nimbane ngozi ya tumbo, nitazame ulimi, nitazame kama macho yamezama. Kwa mguu uliovunjika? Nilishangaa, lakini nikafanya.

"Pronostic?"

"Bon, patron."

Akapita. Kila kitanda alinifundisha kitu, kwa sauti ndogo, na kila alichosema kilikuwa kweli. Tangu nianze masomo haya hakuna aliyenifundisha hivyo. Tulipofika kwa kijana mmoja aliyegongwa na pikipiki, aliyepasuliwa tumbo, alikuwa na homa lakini anajikaza.

"Pronostic?"

Nilifikiri kidogo. Tumbo lile halikunipendeza.

"Réservé, patron."

"Vizuri," muzee akasema.

Akapitisha kidole kwenye mpira wa serum, ule unaopeleka maji mshipani, toka juu mpaka chini, kama mtu anayefuta vumbi. Akatoka. Chwa… chwa… mpaka nje kwenye mawe ya volkano.

Umeme uliporudi, kijana alikuwa amekufa. Serum yake ilikuwa imejaa mpaka juu. Haikuwa inadondoka.

Mama Katungu, nesi wetu, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Docta, ulikuwa unasema na nani?"

"Na profesa."

"Profesa gani? Mi nimekuona wee peke yako. Unatembea, unainamisha kichwa, oui patron, oui patron."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ulisikia chlore?"

Nikaacha kucheka.

Alinivuta mpaka kwenye benchi ya nje, akashusha sauti. "Wakati wa kolera ya wakimbizi nilikuwa mutoto wa shule ya unesi. Batu balikuwa banalala chini mpaka barabarani. Serum kidogo, batu mingi. Kulikuwa docta mumoja. Kila jioni anapita na wanafunzi wake, anawauliza lile neno lenu. Mwenye kusemewa réservé, wanamuondolea serum, wanapatia mwingine."

"Alikuwa mutu mubaya?"

"Hapana. Alikuwa analia akipita. Kisha kolera ikamukamata ye mwenyewe. Wakamulaza pale pale, kati ya bale batu."

"Na wanafunzi wake walisema nini juu yake?"

Mama Katungu alinitazama. "Unafikiri walisema nini?"

 Huko barabarani pikipiki zilikuwa zinapita kama kawaida.

"Akirudi, usijibu," akasema. "Batu bakubwa ba hapa banasema hivyo. Akiuliza, na hakuna mutu wa kujibu, anapita."

Nilisoma miaka mingi mpaka nikaitwa docta, na usiku huo niliapa kumtii Mama Katungu. Jumatano, kwenye tour, tulipofika kitanda cha Rodrigue, chef aliuliza pronostic. Nikanyamaza. Akauliza tena, nikatazama viatu vyangu. Chef akaandika kitu, akasema nina uvivu wa kufikiri. Basi, niwe mvivu.

Kesho yake mchana, mama yake Rodrigue aliniita. Mama Mukakalisa alitoka Rutshuru na mkeka wake na sufuria yake, akawa analala chini ya kitanda cha mtoto wake.

"Docta, jana chef alikuuliza na ukanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Lile neno réservé, sisi tunalijua. Hatukusoma, lakini tunalijua. Batu ba hapa bakilisikia, banaanza kulia." Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Asante sana haukulisema juu ya mutoto wangu."

Na ona sasa, homa ilikuwa imeshuka. Rodrigue alifumbua macho akaomba tangawizi. Nikamkatia kipande kidogo, akakiweka shavuni tu, maana kumeza hakuruhusiwa bado.

"Apo," akaniambia, akilifupisha jina langu kama kawaida, sauti imekauka. "Kesho staff. Chef atakukaanga. Nani atakunong'oneza?"

"Upone kwanza, uje unisaidie."

"Nitakuja. Hata wakinibeba." Akatabasamu. "Nitasimama nyuma yako kama siku zote."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo nilikula fufu nikaimaliza.

Kisha umeme ukakatika.

Jioni ilikuwa bado ina mwanga kidogo madirishani, ule mwanga wa majivu. Nilikimbia. Nilipofika mlangoni, harufu ilikuwa imeshafika kabla yangu.

Chwa… chwa…

"Présentez," muzee akasema miguuni pa Papa Cyprien.

Nikanyamaza.

"Pronostic?"

Nikanyamaza. Alingoja. Maji yalikuwa yanatiririka toka viatuni mwake. Kisha akapita. Kweli, alipita. Kitanda cha pili akapita. Cha tatu akapita. Nilikuwa namfuata mgongoni, tayari nahesabu ushindi. Mama Katungu alisema kweli. Ni kufunga mdomo tu.

Tukafika kwa Rodrigue. Mama yake alikuwa ameketi ukingoni. Hakumwona muzee, lakini alijifunga kitenge mabegani na kusema kumekuwa baridi ghafla.

"Présentez."

Nikauma ulimi.

"Pronostic?"

Nikauma zaidi, mpaka nikaonja damu. Muzee alingoja. Hapo alingoja sana kuliko kote. Nilimwona uso kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa yamezama ndani, midomo imepasuka kwa kiu, na machozi hayakuwepo ingawa alikuwa analia. Ndani yangu nilimwomba Mungu, pita, pita, pita.

Akageuka.

Mguu mmoja ukasogea. Chwa… Nikavuta pumzi.

Na toka kitandani, bila kufumbua macho, Rodrigue akaongea. Alikuwa usingizini. Alisikia tu lile swali, na akasikia mdogo wake amekwama mbele ya patron. Sauti ilikuwa ndogo, ile ile ya Jumatano zote, sauti ya mtu anayekuokoa bila wengine kujua.

"Réservé, patron."

"Vizuri," muzee akasema.

Kidole kikashuka kwenye mpira wa serum.

Sitaki kueleza yote niliyofanya. Nilifungua serum, nikabadili mshipa, nikabana mfuko kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Mama Katungu alikimbia kumwita chef, chef akaja na torche mdomoni, tukafanya kila tunachofundishwa. Umeme uliporudi hatukuwa na mtu wa kumfanyia tena.

"Alisema nini?" Mama Mukakalisa aliniuliza. Alikuwa amesikia neno. Alikuwa analijua. "Docta, mutoto wangu alisema nini?"

Nilishindwa kumtazama.

"Alikuwa ananisaidia, mama."

Walimpeleka Rutshuru kumzika. Njia ilikuwa na vizuizi, nikanyimwa ruhusa, sikufika. Ijumaa ile nilisimama kwenye staff, nikamweleza Rodrigue kama mgonjwa yeyote: mwanaume, docta, anafika na homa. Chef aliniuliza kwa nini amekufa. Nikasema septicémie, sumu kwenye damu. Hakuna aliyeninong'oneza kitu, na sikuhitaji.

Wiki yetu haimngoji mtu. Jumatatu ripoti, Jumanne bloc. Wenzangu waliniona nimebadilika. Nikiingia pavillon jioni, nasimama mgongo wangu ukiwa ukutani, nauegemeza kabisa, mpaka nasikia baridi ya sima kwenye blouse. Sitaki mtu nyuma yangu. Wananitania kwamba naushikilia ukuta usianguke. Nawaacha wanitanie.

Jana ilikuwa Jumatano. Papa Cyprien aliniambia kaka yake amekwisha kutengeneza chukudu, inamngojea Munigi, gurudumu jipya. Chef alikuwa amemsainia kutoka. Alikuwa ameketi kitandani anakula maharagwe, mguu wake kwenye plasta ya gips, hana homa, hana serum, hana kitu. Nilimfurahia. Nilifikiri, walau mmoja.

Umeme ukakatika.

Sikukimbia. Nilikwenda ukutani, karibu na kitanda chake, nikauegemea, nikafunga mdomo. Nilikuwa tayari kunyamaza maisha yangu yote.

Chwa… chwa…

Muzee alisimama miguuni pa Papa Cyprien. Chlore ikanijaa machoni.

"Pronostic?"

Hakuniuliza mimi. Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, kule nyuma, ambako hakuna kitu ila ukuta.

Na katikati ya ile chlore nikasikia harufu nyingine.

Tangawizi.

Pumzi ikagusa sikio langu, taratibu, kwa upole wa rafiki.

"Réservé, patron."

Papa Cyprien aliacha kutafuna, akanitazama katika giza.

"Docta," akasema, "ju ya nini unalia? Kesho mi naenda nyumbani."