Bega la Treni

Katika posta yetu kubwa alikuwepo mpeleka barua aliyeitwa Treni. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake, kwa sababu hakuchelewa, hakusimama ovyo, na alipopita kila mtu alimpisha.

Treni alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko chakula. Kila jioni, meza yake ilikuwa tupu. Hakuna barua iliyobaki, hakuna kifurushi kilicholala.

"Posta nzima, nani kama mimi?" aliuliza.

"Punda," mkewe alijibu. "Naye halazi mzigo."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kila wiki alitia kiraka kwenye shati la kazi, begani, upande wa kushoto. Mkanda wa mfuko wa barua ulilitafuna shati kama panya.

"Hili ni bega au ni rundo la viraka?"

"Shona tu, fundi. Mteja ni mfalme."

"Mfalme gani asiyelipa?"

Mambo yalikuwa hivi. Wapeleka barua wawili walikuwa wamestaafu. Hakuna aliyeajiriwa badala yao. Mitaa yao ikagawiwa waliobaki. Treni akabeba mzigo wake na wa mtaa wa jirani. Mfuko begani, vifurushi mikononi, vimepanda mpaka puani.

Siku moja alikuwa akishuka ngazi za ghorofa. Vifurushi vilimziba macho. Mikono yote imejaa, hakuweza kushika reli. Akakanyaga hewa. Akaporomoka mpaka chini, yeye na vifurushi vyake.

Alisimama, akajikung'uta vumbi, akamaliza mitaa yote akichechemea. Hakumwambia mtu. Meza ikawa tupu kama kawaida.

Nyumbani, mkewe aliliona goti.

"Nini hiki?"

"Nimejigonga kidogo."

"Kidogo? Goti limekuwa boga!"

Kesho yake Treni hakuweza kuinuka. Jioni, mgeni alibisha hodi. Alikuwa mpeleka barua mwenzake, mwanamke aliyechaguliwa na wafanyakazi kuwa mwakilishi wao wa usalama kazini. Walimwita Dada Breki. Mtu akikimbia, yeye husema, "Breki!"

"Pole, kaka. Treni imelala gereji?"

"Nitarudi kesho kutwa."

"Utarudi goti likipona. Niambie kwanza. Kabla ya hapo hukuwahi kuteleza?"

Treni akatazama dari.

"Dari haijui, wifi," mkewe alisema. "Mbane huyo huyo."

"Niliwahi," Treni akakubali. "Lakini sikuumia."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani kwamba sikuumia?"

"Mimi. Na meneja. Kuteleza ni kengele ya hatari, kaka. Ukiizima kengele, moto hauzimiki."

Kisha akamweleza taratibu za usalama. Mfuko una uzito wake wa mwisho, ukizidi, unapunguzwa. Vifurushi visipite kifua, ili uone unapokanyaga. Na kwenye ngazi, mkono mmoja ni wa reli.

"Na barua zitakazobaki?" Treni aliuliza. "Watu wangu wanazisubiri."

"Za haraka zitangulie. Nyingine zifungiwe kabatini, zitoke kesho. Barua ikilala, asubuhi inaamka. Wewe umelala. Je, umeamka?"

Mkewe alicheka mpaka sindano ikamdondoka.

Dada Breki hakucheka. "Kaka, makao makuu hawalioni bega lako. Wanaiona meza yako. Meza tupu inawaambia nini?"

Treni akalitazama goti lake. "Kwamba... watu tunatosha."

"Basi kila siku umekuwa ukiwaambia hivyo. Kwa mgongo wako mwenyewe."

Maneno hayo yalimuuma kuliko goti.

Goti lilipopona, Treni alirudi kazini. Wapeleka barua wote walikuwa wamekubaliana: kila mtu atabeba mzigo wa mtu mmoja. Jioni ile, mezani kwa Treni kulibaki mlima. Alisimama mbele yake kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mkono ukajiendea wenyewe kwenye kifurushi.

"Breki!" sauti ilitoka upande wa pili. Mkono ukarudi.

Meneja akaingia, akashangaa. "Treni! Hata wewe?"

"Hata mimi, mkuu. Iliyokwisha ni kazi ya mtu mmoja. Hii iliyobaki ni kazi ya mtu ambaye hayupo."

Meneja aliutazama mlima. "Kila nikiomba watu naulizwa, 'Mbona kazi inakwisha?'" Akatoa simu, akapiga picha meza moja baada ya nyingine. "Haya. Sasa na waniulize tena."

Haikuwa kazi ya siku moja. Baadhi ya wateja walinung'unika. Wapeleka barua waliwaeleza bila kufoka. Meneja aliendelea kutuma picha. Dada Breki alituma taarifa za kila aliyeteleza, hata asiyeumia. Mwishowe wapeleka barua wapya waliajiriwa.

Mmoja alikuwa binti mwepesi wa miguu na wa ulimi. Treni ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mkono huu wa barua," alimwambia kwenye ngazi. "Huu wa reli."

"Pole pole hivi? Mzee, si wewe ndiye unaitwa Treni?"

"Ndiye. Umewahi kuona treni ikaiacha reli ikafika?"

Binti akaishika reli.

Jioni hiyo meza zote zilikuwa tupu. Safari hii zilisema kweli.

Nyumbani, Treni alimpa mkewe shati la kazi. Fundi akavaa miwani. Akaligeuza bega la kushoto, akalisogeza kwenye mwanga, akalipapasa. Uzi ulikuwa mzima.

"Wiki hii umeninyima kazi," alisema.

"Pole, fundi."

"Nani kakuomba pole?"

Akalipiga pasi lile shati. Kisha akalitundika mlangoni, bega la kushoto likiwa mbele, ili kila apitaye alione.